Sakafu Aliyoomba Ivunjwe

Mume wangu alikuwa mhandisi wa sakafu. Nikisema hivyo watu hudhani nazungumzia fundi wa vigae, mtu wa kupanga maua sebuleni. Kazi yake ilikuwa ile sakafu ya zege inayomwagwa moja kwa moja juu ya ardhi, katika maghala, yadi na karakana, mahali pa kupita malori, matingatinga na mashine za kunyanyulia mizigo. Nyumba ikiwa na dari nzuri wageni husifu dari. Sakafu hukumbukwa siku mtu anapojikwaa.

Alipenda kueleza kazi yake kwa viatu. Mama mwenye ndara akikukanyaga, alisema, unamwambia asijali. Mwenye kisigino chembamba akikukanyaga unapiga yowe, na huenda huyo wa pili ni mwembamba kama ufagio. Zege nalo ni hivyo hivyo. Haliulizi uzito tu, linauliza uzito huo umesimama wapi, juu ya eneo la ukubwa gani, na chini yake kuna udongo wa namna gani.

Kwa sababu ya kazi hiyo alipewa jina la Tani Ngapi, na hata watoto wetu walimwita hivyo akiwa hayupo. Hakuna lori lililosimama mbele yake asimuulize dereva, "Tani ngapi?" Mtoto wetu wa tatu alipozaliwa, nesi alitangaza kwamba ana kilo nne kasoro robo. Mume wangu akauliza, "Kwa kila mguu?" Nesi hakucheka. Mimi nilicheka mpaka nikaumia.

Tena, hakuchora hata mstari mmoja kabla ya kuiona mashine yenyewe, kwa macho yake, ikiwa imebeba. Alinyunyiza vumbi la chaki chini, akamwomba dereva apite juu yake, kisha akapiga magoti na kupima alama ya tairi kwa rula. Suruali zake zote zilikuwa na viraka magotini, nami ndiye niliyevishona. Wahandisi vijana walimtania: "Mzee, vipimo vyote vimo kwenye kitabu cha mashine." Aliwajibu, "Kitabu hakijawahi kubeba mzigo."

Wengi waliomsifu kwa tabia hiyo hawajui aliipata wapi. Mimi najua, kwa kuwa nilikuwepo, na kwa kuwa sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu wa ndoa, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita. Nilifundisha hesabu katika sekondari ya wasichana. Baba yangu alikuwa mkaguzi wa shule, na nyumbani kwetu kosa lilirekebishwa kabla mgeni hajavuka kizingiti. Mume wangu alikuwa wa kwanza kwao kuingia chuo kikuu. Kampuni ya ujenzi iliyomwajiri ilikuwa imetupa nyumba ya vyumba vitatu, yenye baraza ya wavu na bomba uani. Ilikuwa inajulikana kwamba mkuu wake anakaribia kumpa idara ya michoro. Kwa kifupi, tulikuwa watu wa kutazamwa, na mimi nilipenda kutazamwa.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa sakafu ya ghala la kiwanda cha karatasi. Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi. Wafanyakazi wake walimwita Mama Makaratasi, naye aliitika. Ghala lilikuwa la kuwekea marola makubwa ya karatasi, na foklifti ya kuyabeba ilikuwa imeagizwa lakini haijafika. Kilichofika ni karatasi ya maelezo yake: mashine ina tani kumi, inabeba tani saba.

Jioni moja tuliketi meza moja, mimi nikisahihisha madaftari, yeye akipiga hesabu. Kumi na saba ni kumi na saba. Magurudumu manne. Kila gurudumu tani nne na robo. Kutoka hapo akatafuta unene wa zege, akapata sentimita kumi na tano. Akanisogezea kurasa zake nizikague. Ukurasa wa tatu nikakuta nukta imekaa pasipo pake, nikamwonyesha, akashukuru. Mengine yote yalikuwa safi. Mwishoni nikatia alama ya vema kwa wino mwekundu.

"Haya," akacheka, "likipasuka tutafukuzwa shule wote wawili."

Zege lilimwagwa kwa siku nne. Siku ya kumi na moja lilikuwa bado limefunikwa magunia yaliyoloweshwa, likinyweshwa maji asubuhi na jioni kama mgonjwa, ili likomae polepole. Siku hiyo, Jumamosi, mume wangu alikwenda kupima lango la yadi ya wachonga mawe kwa ajili ya kazi nyingine. Alirudi alasiri. Nilikuwa barazani nachambua maharage. Hakukaa.

"Mwalimu," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote. "Tumegawa kwa nne."

"Magurudumu si manne?"

"Ni manne. Lakini nimeona foklifti pale yadi imebeba jiwe. Ilipopita kwenye kifusi, magurudumu ya nyuma yaliruka kama ya kigari cha mtoto. Nikamuuliza dereva, akanicheka. Akaniambia, 'Bosi, huyu mnyama akibeba, anabeba kwa mbele tu. Nyuma pale hata bibi yangu atainua. Magurudumu ya nyuma ni ya kukatia kona.'"

Niliweka ungo chini, nikachukua penseli. Mzigo uko mbele kabisa, nje ya mashine. Mashine nayo inauinamia. Kati ya zile tani kumi na saba, kama kumi na tano zinakaa mbele, juu ya magurudumu mawili. Saba na nusu kila moja, wala si nne na robo. Nilipiga hesabu mara mbili nikitumaini kwamba ya pili itakuwa na huruma. Haikuwa nayo.

"Unene ulitakiwa uwe ngapi?"

"Ishirini."

Akainua vidole vitatu, akavibana pamoja. Ndio unene uliokosekana. Sentimita tano.

"Itapasuka lini?"

"Si siku ya kwanza. Zege ni vumilivu. Miezi minane, pengine mwaka. Itaanzia kwenye pembe za vipande, karibu na mlango, pale mashine inapogeukia."

Hapo ndipo niliposema nilichosema, na sitakipamba. Nilimwambia anyamaze. Nilikuwa nimesikia mazungumzo ya ofisi yao vya kutosha. Sakafu ya mtu ikipasuka, wote walisema ni udongo: udongo umenywea, udongo umejaa maji, udongo umebadilika. Udongo hauna wakili.

"Mwaka mmoja ni mrefu," nikamwambia. "Utakuwa mkuu wa idara. Mtoto atakuwa anatembea. Mtu mwenye akili hajivui nguo sokoni kwa hiari yake."

"Dereva je?"

"Dereva amefanyaje?"

"Atakuwa ameinua marola mawili juu ya kichwa chake. Gurudumu moja la mbele likizama vidole viwili kwenye ufa, mashine inalala ubavu. Nani atamwambia mke wake kwamba ni udongo?"

Mtu anaweza kukosa jibu na bado akakataa, nami nilikataa. Jumapili nzima hatukusemezana ila "pitisha chumvi". Yeye alichora, mimi nilisahihisha. Aliyepita nje angedhani ni nyumba yenye amani kuliko zote mtaani.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wake, na mchana akaja kunisimulia. Mkuu alikuwa mtu mcheshi, mwenye tumbo la kupumzishia mikono. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Umemwambia nani?"

"Mke wangu."

"Basi ni sawa na redioni." Akacheka peke yake. "Sikiliza, kijana. Nina miaka ishirini kwenye zege. Likipasuka tutasema udongo."

"Udongo niliupima mwenyewe, mkuu. Ni mzuri. Sitausingizia."

"Udongo ni shangazi yako?"

"Siyo, mkuu."

"Basi usiutetee. Rudi mezani kwako. Na kwa mwenye kiwanda usikanyage mpaka nikutume."

Alipomaliza kunisimulia alikunywa maji, akaosha glasi mwenyewe, akasema kesho saa nane atakwenda kiwandani. Hakuniomba ruhusa, wala hakuniomba nimfuate.

Nilimfuata. Nisieleweke vibaya: sikwenda kwa sababu nilikuwa nimekubali. Nilikwenda kwa sababu jina lililokuwa linapelekwa kule ni langu pia, na kama lingevuliwa nguo nilitaka niwepo nilifunike. Nilivaa gauni la bluu lililobaki la kunitosha, na viatu vya kufunika vidole.

Ghala lilikuwa tupu, kubwa, lenye harufu ya maji na saruji. Magunia yalikuwa yamevutwa kando upande mmoja, na zege pale lilikuwa laini, la kijivu kilichopauka, limekatwa kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari. Lilikuwa zuri. Sijawahi kukionea uchungu kitu kisicho na uhai kama nilivyoionea sakafu ile.

Mama Makaratasi alivaa miwani, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Umemleta na mama mtarajiwa kwenye saruji mbichi? Mpeni kiti."

Mume wangu akaeleza. Hakujikosha, hakuilaumu karatasi ya mashine, na hakutaja kwamba kuna mtu aliyezikagua hesabu zake. Alieleza jinsi uzito unavyokimbilia mbele, na kwamba yeye aliugawa sawasawa kana kwamba umelala katikati. Mama Makaratasi alikuwa anakunja uso. Kisha macho yake yakahamia kwangu, yakashuka kwenye tumbo.

"Simama kidogo, binti."

Nikasimama, mkono kiunoni, nimeegemea nyuma kama kila mjamzito.

"Kwa hiyo ni kama huyu," akasema. "Mzigo wote uko mbele. Asipojikaza kwa nyuma, visigino vinaondoka chini."

"Ndiyo, mama," akasema mume wangu. "Hivyo hivyo."

"Na wewe ulimhesabu kana kwamba amebeba mgongoni."

"Ndiyo, mama."

Alicheka kicheko kifupi, kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba sakafu ni yake.

"Ofisi yako imekutuma?"

"Imenikataza."

Alikwenda mpaka katikati ya ghala, akapiga kisigino chini mara mbili. Hakukusikika lolote la ajabu. Zege halisemi likiwa jembamba.

"Mbona inaonekana nzima?"

"Ni nzima, mama, kwa mzigo mdogo. Ikibeba rola moja badala ya mawili, itadumu. Hilo ni chaguo la kwanza. La pili ni kuvunja. Si ghala lote." Akatandaza mchoro wake wa Jumapili juu ya debe la rangi. "Marola yakiwa yamesimama yanatua kwa upana, hayana shida. Shida ni njia ya mashine: kutoka mlangoni mpaka kwenye safu, na pale inapogeukia. Tukate hapa na hapa kwa msumeno, tutoe, tuchimbe sentimita tano zaidi, tushindilie, tumwage ishirini. Vipande vipya tuvishone na vya zamani kwa vyuma, kimoja kisije kikazama peke yake."

"Muda gani?"

"Wiki sita, pamoja na kukomaa."

"Na kazi yako ofisini?"

"Hiyo sijaichora, mama."

Nilimtazama. Mama Makaratasi alivua miwani, ikarudi kuning'inia. Akasema neno moja: "Vunja."

Siku mbili baadaye msumeno ukaanza kulia ghalani, kwa kuwa Mama Makaratasi hakumwandikia mkuu barua, alikwenda mwenyewe ofisini kwake na kuketi mpaka akasikilizwa. Sakafu ilikatwa, ikatolewa, ikamwagwa upya chini ya macho ya mume wangu. Wiki ya saba foklifti iliingia na marola mawili juu, ikageuka mlangoni, ikatoka. Yeye alikuwa amepiga magoti pembeni, shavu karibu liguse chini, akitazama kama kuna kipande kinachocheza. Hakikucheza.

Jumatatu iliyofuata mkuu alimwita. "Kwa kuwa unaupenda udongo," akamwambia, "nenda ukauchimbe." Alitolewa kwenye michoro, akatumwa kuchimba mashimo ya kupimia ardhi, cheo cha mtu anayeanza. Nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa ya watu wa idara ya michoro, tukahama. Mtoto wetu alizaliwa katika vyumba viwili vya kupanga, bomba likiwa la watu wote.

Hapa ndipo penye kosa langu la pili, na hili halina hesabu ya kusingizia. Majirani wapya waliniuliza kwa nini tumehama. Nikawaambia kule hewa ilikuwa nzito. Waliniuliza kwa nini mhandisi anarudi na matope mpaka kiunoni, nikasema ni utafiti. Nilidhani nalinda jina. Lakini watu hawapendi chungu kitupu, wakikikuta watatia chochote. Baada ya miezi michache jibu lao lilikuwa limeiva: mume wa Mwalimu alishikwa na saruji ya kampuni. Mifuko ilikuwa ishirini, kisha arobaini. Waliponyamaza nilipofika bombani, nilijua imezidi hamsini.

Nilimwambia. Alikuwa anakwangua udongo kwenye buti.

"Wanasema umeiba."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema ni uongo."

"Halafu wakikuuliza ukweli?"

Nikaingia ndani kupika.

Aliishi miaka miwili katika mashimo yale. Hakulalamika, na alijifunza udongo kuliko mhandisi yeyote niliyewahi kumsikia, akiunusa, akiufinyanga kwa vidole, akijua upi utabeba na upi utasaliti. Mimi ndiye niliyekuwa nanuna kwa niaba yake. Kisha alasiri moja gari la kampuni likasimama mbele ya mlango wetu, na mkuu akashuka, tumbo likitangulia.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji."

Alikataa chai, akakubali maji. Mume wangu alikuwa amerudi mapema, miguu kwenye beseni. Mkuu akamtazama, akaitazama dari, akasafisha koo.

"Yule mama anapanua ghala. Mara mbili ya lile la kwanza. Mashine zenyewe kubwa, za tani ishirini na tano."

"Zikiwa zimebeba au tupu?" akauliza mume wangu.

"Mimi nitajuaje? Ndiyo maana nimekuja." Akanywa maji. "Nimempelekea wahandisi wawili. Amewarudisha. Amesema, 'Nileteeni yule aliyenivunjia.'"

Mume wangu alicheka mpaka maji yakamwagika nje ya beseni. Wakakubaliana arudi kwenye michoro kuanzia Jumatatu, na hapo mkuu akaondoka, gari likizungukwa na watoto.

Nilitoka kuwafukuza watoto, na jirani yangu wa mlango wa pili, fundi cherehani, alikuwa tayari ameegemea nguzo, sindano mdomoni.

"Mwalimu! Gari la kampuni! Na bosi mwenyewe!"

"Ndiyo."

"Kumbe alisingiziwa, maskini! Mimi nilisema tangu zamani. Nikawaambia, mtu yule hana uso wa mwizi. Wamekuja kumwomba radhi, eti?"

Lilikuwa jibu lililopikwa, likapakuliwa, likaletwa mpaka mkononi. Nilihitaji kutikisa kichwa tu. Jina la mume wangu lingetakata mtaa mzima kabla ya jua kuzama, tena lingeng'aa kuliko awali, jina la mtu aliyeonewa.

Mlango wetu ulikuwa wazi. Nilimsikia ndani akivuta beseni, akimwimbia mtoto.

"Hakusingiziwa," nikasema.

Fundi cherehani akatoa sindano mdomoni.

"Saruji hakuiba hata kijiko. Lakini alikosea. Alipanga sakafu ya watu, ikawa nyembamba. Hesabu nilizikagua mimi na sikuona. Hakuna aliyejua. Akaenda mwenyewe kwa mwenye kiwanda akamwambia avunje, na mimi nilikuwa nimemkataza. Kwa hiyo akashushwa. Ndiyo habari yote."

"Nyembamba kwa kiasi gani?"

"Sentimita tano."

Alitazama kidole chake, akakadiria, kama afanyavyo kwenye kitambaa. "Upindo tu!" akasema. "Mmehama nyumba ya vyumba vitatu kwa sababu ya upindo?"

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyemlazimisha kusema?"

"Hakuna."

"Heh! Mwalimu, huyo mume wako ni mgonjwa." Lakini alilisema polepole, kama anayepima kitambaa cha bei. Kisha akarudi ndani kwake, nami nikajua habari ile haitalala.

Haikulala. Asubuhi ya pili, kabla sijamaliza kufagia, mtu alibisha hodi. Alikuwa mwenye gereji ya malori mwisho wa barabara, mikono yake imejaa grisi hata hakunipa.

"Samahani, Mwalimu. Nimesikia hapa kuna mtu ambaye zege likiwa baya anasema, hata likiwa lake."

"Yupo."

"Nina sakafu inanitia wasiwasi. Mafundi watatu wameitazama, wote wanasema ni udongo."

Nikamkaribisha ndani.